Mfadhili wa Rwamgasa

Watu wa Kambarage, mjini Shinyanga, walimjua Nyamizi Jilala kwa harusi. Ukitaka binti yako apigwe video siku ya kuagwa, au msiba wa baba yako uwekwe kwenye kumbukumbu, ulikwenda kwenye chumba chake kinachotazamana na duka la pembejeo, ukatoa kianzio, na siku ikifika ulimkuta ameshatangulia hata kabla ya wapishi, kamera begani. Wasichokijua ni kwamba kwa miaka sita alikuwa akitafuta fedha za kutengeneza filamu yake mwenyewe. Mwanzoni aliwaambia. Wakamuuliza staa ni nani, na itaonyeshwa kwenye televisheni gani, na alipokosa jibu wakambadilishia mazungumzo kwa huruma. Akaacha kuwaambia.

Filamu aliipa jina Sahani ya Baba. Ilikuwa habari ya mama yake, Melania. Nyamizi alikuwa na miaka tisa baba yake aliposhuka kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo huko Rwamgasa, na udongo ukakatika nyuma yake. Wenzake watano walitolewa, yeye hakutolewa. Mwenye duara alichinja mbuzi, akatoa rambirambi, akafungua duara jingine si mbali na pale. Melania alikataa matanga. Kila jioni aliandaa sahani tatu: yake, ya mtoto na ya mume. Alifanya hivyo miaka ishirini na mitano, mpaka alipokufa mwenyewe.

Bajeti ya filamu hiyo Nyamizi aliiandika mara kumi na moja, na ya mwisho ilisimama kwenye milioni sitini na nne. Mwezi wa tano mfuko mmoja wa filamu wa Ulaya ukamjibu. Uliahidi milioni arobaini, kwa sharti moja: kabla ya tarehe thelathini Septemba aonyeshe kuwa ishirini na nne zilizobaki zimepatikana nchini kwake. Waliandika kwamba ni vigumu kuamini hadithi ambayo watu wake wenyewe hawajaiamini. Nyamizi aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Watu wake waliiamini hadithi vizuri tu. Walichokosa ni milioni ishirini na nne.

Yeye alikuwa na tatu, akiba ya harusi za miaka miwili. Benki, afisa mikopo alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama ana hati ya nyumba. Alikuwa mpangaji. Kampuni moja ilimwambia aandike barua, akaandika, akaambiwa aielekeze idara nyingine, akaandika tena. Mwisho dada mmoja wa mapokezi akamweleza ukweli kwa sauti ya chini: fedha zao za jamii zilikuwa na kifungu cha visima na kifungu cha madawati. Filamu haikuwa na kifungu.

Mwezi wa saba Cornel alikuja. Cornel ndiye aliyekuwa aongoze filamu. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mitano, na miaka yote hiyo alizoea kuingia chumbani akivuta kiti bila kukaribishwa. Siku hiyo alibaki amesimama mlangoni.

"Nimepata kazi Dar," alisema. "Tamthilia. Miezi minne, huenda sita."

"Wanalipa?"

"Kila Ijumaa."

Nyamizi hakuwa na cha kuweka upande wa pili wa mizani. "Nenda basi," alisema.

"Ukipata hela nipigie. Nitarudi hata kwa miguu."

"Rudi kwa basi. Kwa miguu utakuta tumeshamaliza."

Wakacheka kidogo. Alipoondoka, Nyamizi alikaa akiutazama ukuta walioubandika karatasi za filamu, tukio la kwanza mpaka la themanini na mbili, nusu kwa mwandiko wake na nusu kwa mwandiko wa Cornel. Mteja akaja kuchukua picha za pasipoti. Nyamizi akainuka, akamtafutia bahasha yake.

Toka hapo akawa anaibeba filamu peke yake, na akagundua jambo ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu: kitu ambacho bado hakijatengenezwa hakina shahidi. Akiamka asubuhi kilikuwepo. Akipika kilikuwepo. Lakini hapakuwa na mtu mwingine Shinyanga nzima ambaye angeweza kumwambia, "Vipi, ile sehemu ya mvua umeibadilisha?" Binti yake Loveness, aliyekuwa akisomea uuguzi Dodoma, alipiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Mama, hujambo? Na ile filamu yako?" Nyamizi alijibu, "Inaendelea," naye Loveness akasema, "Haya, nashukuru Mungu," kisha wakaongea habari za ada.

Habari za Mzee Stanslaus alizipata harusini. Mjomba wa bibi harusi alimtaja kama mtu mwenye maduara matatu Rwamgasa, aliyewalipia wanakwaya albamu yao na kuezeka kanisa. Nyamizi alimpigia, akajieleza, na mzee akasema tu, "Njoo."

Alipanda basi la alfajiri mpaka Mwanza, akaunganisha kwenda Geita, akavuka daraja jipya pale Busisi akiwa amelipakata begi lenye mswada wa filamu. Mchana alikuwa Rwamgasa. Mzee Stanslaus alimpokea kwenye ua wa karasha zake, mashine za kusagia mawe, ambazo zilinguruma kiasi kwamba walilazimika kukaa karibu karibu kama watu wanaosengenya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana wa Jilala. Baba yako nilimsikia. Kazi aliijua." Alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, mwembamba, macho mekundu kwa vumbi. "Hebu niambie. Hiyo filamu inatoka vipi ardhini?"

Nyamizi akaeleza. Alikwishaeleza mara nyingi, kwa watu wenye tai na kwa watu wa Ulaya kupitia kompyuta, na siku zote alifika mahali akaona macho ya msikilizaji yamehama. Ya mzee hayakuhama.

"Kwa hiyo filamu ni duara," Mzee Stanslaus alisema. "Hujui mwamba uko kina gani. Kuna mwenye eneo, kuna wanaochimba, kuna anayewalisha wanaochimba. Mawe yakitoka mnagawana viroba. Yasipotoka, aliyelisha amelisha, hamdai mtu."

Nyamizi aliutoa mswada begini. "Ndivyo hasa, mzee. Miaka sita nawaeleza watu. Leo ndiyo mara ya kwanza naelezwa mimi."

"Na wanaoshuka ni akina nani?"

"Mwongozaji yuko Dar kwa sasa. Nipo mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

"Upweke wa duara naujua," mzee alisema. Alikubali kutoa milioni ishirini na moja, kwa mgao wa theluthi ya mauzo. Wangesainishana kwa wakili Geita mjini baada ya yeye kuujua mswada. "Uniachie. Mimi macho yameshakuwa mabovu, binti yangu Eunice atanisomea."

Nyamizi alimpigia Cornel akiwa bado yuko stendi. Cornel alipiga ukelele mpaka watu wa pembeni wakageuka. Kwa siku kumi na mbili Nyamizi aliishi kama mtu aliyeposwa. Aliandika ratiba. Aliomba bei za jenereta. Aliwaandikia watu wa mfuko kwamba barua ya benki itawafikia kabla ya tarehe.

Mzee alipompigia tena, hakumwambia aje ofisini kwa wakili. Alimwambia aje nyumbani.

Ilikuwa nyumba kubwa ya vigae, na sebuleni hapakuwa na mtu ila wao wawili. Eunice alileta soda, akaweka mswada mezani, akatoka. Karatasi zilikuwa zimekunjikakunjika pembeni, dalili ya kusomwa kweli.

"Nimesomewa yote," alisema mzee. "Siku mbili. Kuna mahali Eunice alikuwa akifika anashindwa, tunangoja, anaendelea. Nimeipenda, mama Loveness. Hela ipo. Ila nataka yule baba atoke."

"Atoke wapi, mzee?"

"Duarani. Mwishoni. Atoke mzima."

Nyamizi alidhani ni ile tabia ya watu kupenda mambo yaishe vizuri, akaanza kueleza. Mzee aliinua mkono.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Ignas. Mwaka tisini na nane tulikuwa tunachimba hapa hapa, yeye chini, mimi juu nimeshika kamba. Likakatika. Nilivuta kamba ikaja nyepesi." Aliipangusa glasi iliyokuwa kavu. "Mama hakuwepo, alikuwa kwetu Maswa. Nikasema nitakwenda kumwambia. Nilipofika nikamkuta anaumwa. Nikamwambia Ignas kavuka kwenda Kongo, kuna dhahabu nyingi. Nikasema akipona nitamwambia. Ndiyo imekuwa miaka ishirini na saba. Kila Krismasi namletea kitenge, namwambia kimetoka kwa Ignas."

Nje, karasha za jirani zilikuwa zikinguruma.

"Yuko hapa," mzee aliendelea. "Ninaishi naye. Rwamgasa hii, kila shilingi yangu watu wanajua imekwenda wapi. Watasema, njoo bibi uone picha ya mwanao Stanslaus. Watamletea hata kwenye simu. Aone mwanamke anaweka sahani, anaweka sahani, na mume hatoki? Mama atanigeukia aniulize."

Nyamizi alisema jambo ambalo hakuliandika hata kwenye mswada.

"Mzee, kile chakula cha baba, mimi ndiye niliyekuwa nakila. Asubuhi, kimepoa, kabla ya shule, kisiharibike. Mama aligeuka upande wa pili nisione kama anaona. Nilipofika kidato cha pili nilimwambia, mama, acha. Hatarudi. Hakunisemesha mpaka Pasaka."

"Basi mtoe," alisema mzee taratibu. "Mtolee mama yako. Hata yeye angependa."

"Angependa sana. Ndiyo maana siwezi. Nimeshamwona akipenda jambo hilo miaka ishirini na mitano, na halikumpa kitu."

Hapakuwa na hasira, na pengine ingekuwa rahisi kama ingekuwepo. Mzee Stanslaus alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ambayo anajua ni halali lakini hana. Alimpa nauli, naye Nyamizi akaipokea, maana kukataa nauli ya mzee ni matusi.

"Umsalimie mama kabla hujaondoka," alisema. "Atajua mgeni amepita bila kumwamkia."

Bibi alikuwa ameketi uani juani, kakonda kama kuni, mabega yamefunikwa kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nyamizi alipiga goti akamwamkia. Bibi aliushika mkono wake, akauliza kwa Kisukuma ametoka wapi.

"Shinyanga, bibi."

"Huko kunakopita magari makubwa?"

"Ndiyo."

"Watu wa Kongo wanapita?"

Mzee Stanslaus alikuwa amesimama nyuma yao. Nyamizi hakugeuka, lakini alikiona kivuli chake kimetulia ardhini, hakisogei. Mkono wa bibi ulikuwa mwepesi na wa moto kwa jua.

"Wanapita, bibi," alisema Nyamizi.

"Wabeja," bibi alishukuru, akauachia mkono.

Ndani ya basi alilia, si sana, akiwa amegeukia dirishani. Alikuwa amekataa kuudanganya ulimwengu kwa milioni ishirini na moja, kisha akamdanganya bibi kizee bure.

Cornel alikuwa na jawabu. Alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema, "Tupige miisho miwili. Mmoja wa mzee, ambao baba anatoka. Mwingine wetu, unakwenda Ulaya. Kila mtu apate chake. Nyamizi, nani atajua?"

Zilibaki siku tisa. Alilifikiria jambo hilo kwa siku tatu, akikata video ya mahafali ya shule moja, wazazi wakipunga mikono kwenye kioo. Halikuwa wazo baya. Filamu nyingi zimepata fedha kwa hila kubwa kuliko hiyo. Lakini filamu haifungiwi kabatini. Ule mwisho wa kweli ungerudi Rwamgasa kwenye simu ya mtu, na siku hiyo bibi angekwenda kumuuliza mwanawe, naye Nyamizi angekuwa ndiye aliyepeleka swali lile nyumbani, na kulipwa kwa kulipeleka. Siku ya nne akawaandikia watu wa mfuko kwamba fedha za nyumbani hazikupatikana. Walijibu kwa upole, wakamkaribisha aombe tena mwaka ujao. Alimtumia Cornel ujumbe. Cornel alijibu, "Dah. Pole, dada." Baada ya hapo alipiga mara moja, halafu tamthilia ikamshika.

Wiki ile ya mwanzo wa Oktoba ilikuwa ndefu. Nyamizi alizibandua karatasi ukutani, moja moja, kuanzia tukio la themanini na mbili kurudi nyuma, akaketi nazo sakafuni. Alichofanya pale hakikuwa ushujaa, kilikuwa kukosa pa kwenda. Alichukua kalamu akaanza kufuta. Alifuta machimbo yenye watu mia mbili. Alifuta mvua, lori, polisi, soko. Kufikia jioni alibakiwa na jiko, mlango, mwanamke, mtoto na sahani. Akajumlisha. Milioni nne na nusu.

Moja na nusu iliyopungua alikwenda kuitafuta Nkome, ziwani, kwa mfanyabiashara wa dagaa aitwaye Mwamvua, ambaye Nyamizi aliwahi kumpigia video ya harusi ya bintiye. Mwamvua alikuwa kwenye vichanja, akigeuza dagaa kwa reki, mtandio kiunoni.

"Mdogo wangu, mimi filamu siijui," alisema alipokwisha kusikiliza. "Ila mwaka ule nilikosea nikakutumia laki mbili za ziada, ukanirudishia kabla sijajua. Ngoja siku za giza ziishe, mitumbwi ilete mzigo, nitakupa."

Mwezi ulipoanza kung'aa na mitumbwi kupumzika, fedha ilikuja kwenye simu, na magunia mawili ya dagaa yakaja kwa basi. Hakuuliza baba anatoka au hatoki.

Walipiga picha siku tisa mwezi wa Novemba, katika nyumba ya kupanga upande wa Mwadui. Mama aliigizwa na Philomena, mwimbaji wa kwaya ambaye hakuwahi kuigiza, na mtoto akawa bintiye mwenyewe. Walikuwepo fundi wa sauti na fundi wa taa. Walikula dagaa siku zote tisa, za nazi, za nyanya, za kukaanga. Nyamizi aliongoza, akashika kamera, akaosha vyombo. Siku ya saba walipiga tukio jipya: alfajiri, mtoto mwenye sare ya shule anakula chakula kilichopoa, na mama amempa mgongo. Philomena aliuliza, "Hapa nafanya nini?"

"Hufanyi kitu," Nyamizi alimwambia. "Unasikiliza kijiko."

Akapiga tukio lile mara moja tu. Baadaye wenzake walipokuwa wakikunja nyaya, alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba mpaka alipoweza kurudi.

Kuihariri kulimchukua Desemba nzima. Alipofika kwenye majina ya mwisho, aliandika mtayarishaji, mwandishi, mwongozaji, mpiga picha, mhariri, na mbele ya kila moja akaandika Nyamizi Jilala. Akaicheza. Jina lilipanda kwenye kioo, likapanda tena, likapanda tena. Ilikuwa kama filamu ya mtu aliyehamwa na watu. Akafuta matatu. Kwenye mwandishi akaongeza jina la Cornel, kwa sababu nusu ya zile karatasi ilikuwa mwandiko wake, na hilo lilikuwa haki yake hata kama hakuwepo.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Nkome, Jumapili alasiri ya mwezi mpevu, wakati ambao wavuvi hawaendi ziwani, katika banda la video karibu na mwalo wa mitumbwi. Kiingilio shilingi elfu moja. Waliingia watu sitini na wanane. Kwa robo saa ya kwanza walizungumza, wakamtania Philomena kwa jinsi anavyosonga ugali. Kisha wakanyamaza. Filamu ilikuwa na dakika hamsini na moja, na baba hakutoka.

Mwamvua alisimama mlangoni, akapokea mgao wake wa kwanza, noti chache, akazikunja kwenye pindo la khanga bila kuzitazama. "Utazunguka nayo?" aliuliza.

"Jumapili ijayo Sengerema. Halafu Kahama wakinipa ukumbi."

"Na Rwamgasa?"

"Huko sitaipeleka," alisema Nyamizi. Alijua kuna siku ingefika huko bila yeye.

Mwamvua akaenda kuangalia vichanja vyake. Watu walitoka, ila mwanamke mmoja wa makamo alibaki kwenye benchi la mbele, ameushika mkoba magotini, anatazama kitambaa cheupe ambacho hakikuwa na kitu. Nyamizi hakumjua. Alikwenda akaketi ncha nyingine ya benchi lile lile. Mwanamke hakugeuka, na Nyamizi naye hakuuliza. Walikaa hivyo kwa dakika kadhaa, nafasi ya watu watatu kati yao.

Kisha mwenye banda akaja kuwaambia kwamba saa kumi na mbili kuna mpira, na anahitaji kufagia.